Maisha ya Mtunzi: Mwana Kupona binti Msham

Ukiufungua Utendi wa Mwana Kupona ukitarajia kisa cha mapenzi wakati wa vita, utavunjika moyo. Hutakutana na jeshi wala shujaa anayemwokoa mchumba. Hata hivyo, vita vilikuwepo na mapenzi yalikuwepo, katika maisha ya mtunzi mwenyewe. Yasome maisha hayo kwanza.

Mwana Kupona alizaliwa katika kisiwa cha Pate, Lamu, mwanzoni mwa karne ya 19. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji uliosifika kwa wanazuoni na mafundi wake. Mataka alikataa kuwa chini ya Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Mwaka wa 1845 jeshi la Sultani lilishindwa vibaya kisiwani humo na kamanda wake akauawa.

Mataka alifariki mwaka wa 1856. Miaka miwili baadaye, Mwana Kupona, mjane na mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa beti zaidi ya 100. Binti huyo alikuwa na umri wa miaka 17 hivi, karibu sawa na wako. Mama alifariki mnamo 1860. Mwaka wa 1863 Siyu nayo ikaangukia mikononi mwa Sultani Majid.

Sasa tazama anachousia: dini, adabu, ukweli, kuwahurumia maskini na kumtii mume. Kuhusu vita vya Siyu, kimya. Mama anayejua kwamba hatakuwepo kesho hasimulii ushindi wa jana. Anamwachia mwanawe kinga anayoweza kutembea nayo.

Zingatia: Watahiniwa wengi huandika kwamba utendi huu unamdunisha mwanamke, kisha wakakomea hapo. Hoja hiyo ina mashiko, kwani utiifu unaodaiwa kwa mke ni mkubwa. Lakini ikamilishe. Mtunzi ni mwanamke msomi aliyemiliki kalamu na bahari ya utendi, na aliwalenga wanawake wengine pia, si bintiye pekee. Aidha, usijaze jibu lako historia ya Siyu. Maisha ya mtunzi hukusaidia kuielewa kazi. Alama hutolewa kwa hoja zinazotoka ndani ya kazi yenyewe.

Swali la marudio
"Mwana Kupona ni mlezi na pia ni mtetezi wa mfumo wa kuumeni." Jadili. (alama 20)