Olonana wa Mbatian na Ardhi ya Wamaasai

Olonana, aliyeitwa Lenana na Waingereza, alikuwa mwana wa Mbatian, oloiboni mkuu wa Wamaasai. Babake alipofariki mnamo 1890, sotoka na ndui zilikuwa zikiiangamiza jamii. Papo hapo ukazuka mgogoro wa urithi baina yake na nduguye Sendeyo. Baadhi ya masimulizi husema Olonana alizipata baraka za babake kwa hila. Sendeyo alihamia upande wa Wajerumani, naye Olonana akawategemea Waingereza. Hao walimfanya chifu mkuu, ilhali oloiboni alikuwa mganga na mtabiri, si mtawala.

Mnamo Agosti 1904, Olonana na viongozi wengine waliridhia mkataba uliowaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa na kuwagawa mahali pawili: Laikipia, na kusini katika nchi ya Kajiado. Waliahidiwa kuimiliki ardhi hiyo maadamu jamii yao ingalipo. Ahadi haikutimiza miaka 7. Olonana alifariki Machi 1911, na maafisa wakadai kwamba aliwausia watu wa Laikipia wahamie kusini. Aprili mkataba wa pili ukatiwa saini. Ole Gilisho na wenzake walishtaki. Kesi ikatupwa mnamo 1913.

Kilele kimoja cha Mlima Kenya chabeba jina la Olonana. Hata hivyo, kila kiwanja kinapouzwa Kitengela, hurejea swali la enzi zake: ni nani mwenye mamlaka ya kuitoa ardhi ya jamii?