Siti binti Saad na Maqamu ya Hijazi

Vijana wa kwaya hapa Matulo huniuliza kwa nini taarabu hulia kigeni. Nami huwapa habari za marehemu Siti binti Saad.

Alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, akauza vyungu, na mwaka 1911 akahamia mjini kutafuta maisha. Taarabu ilikuwa ya majumba ya wakubwa, ikiimbwa Kiarabu. Maqamu ya hijazi huruka hatua moja na nusu baina ya sauti ya pili na ya tatu. Hapo ndipo moyo huchomwa. Minori moja ya Kizungu inao mruko huohuo, baina ya sita na saba.

Siti aliimba taarabu kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akarikodi santuri Bombay. Alifariki mwaka 1950, akatuachia hijazi iliyo yetu.