Antoine, Fundi wa Kubebesha Mipekani

Wakati chama chetu kinapotimiza miaka 10, yafaa tumkumbuke mkulima wa ng'ambo ambaye kazi yake yafanana sana na ya vitalu vyetu vya kahawa.

Antoine alikuwa mtumwa mweusi, mtunza bustani katika shamba la miwa la Oak Alley, kando ya Mto Mississippi, jimboni Louisiana, Marekani. Ng'ambo ya mto, katika shamba la Anita, ulikuwapo mpekani mmoja, mti wa kokwa za kuliwa, ambao kokwa zake zilikuwa kubwa na zenye ganda jembamba. Lakini ukipanda kokwa, mche haumfuati mama yake, maana chavua huletwa na upepo kutoka miti mingine. Ilibidi kubebesha. Daktari A. E. Colomb alijaribu asifaulu, akapeleka vikonyo kwa Jacques Telesphore Roman, mwenye Oak Alley, naye akamkabidhi Antoine kazi hiyo.

Katika majira ya baridi ya 1846 kuingia 1847, Antoine alibebesha mipekani 16, nayo ikashika. Vita vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, miti hiyo ilikuwa imefikia 126.

Roman alifariki mwaka 1848, na mali yake ikaorodheshwa. Humo aliandikwa Antoine: umri miaka 38, fundi wa kubebesha mipekani, thamani dola 1,000. Jina la ukoo halikuandikwa. Ustadi wake ulihesabiwa, lakini ulihesabiwa kuwa mali ya bwana.

Mwaka 1876, katika Maonyesho ya Philadelphia, kokwa za miti ile zilipata tuzo, na aina hiyo ikaitwa Centennial, yaani ya Miaka Mia. Antoine hakutajwa. Miti mingi ilikatwa, miwa ikapandwa mahali pake.

Hata hivyo kazi yake haikupotea. Siku hizi miche ya miti ya kokwa huzalishwa hata katika chupa za maabara, kipande kidogo cha mti kikilishwa sukari na madini mpaka kitoe machipukizi mengi; na mikorosho ya kusini mwetu hubebeshwa kwa kisu vilevile. Shabaha ni moja: mtoto afanane na mama.

Nasi katika daftari la chama huandika kwanza jina la mkulima, kisha kilo zake, kisha fedha. Na fedha hizo ni zake mwenyewe.