MAISHA YA JERRY LAWSON, FUNDI WA MASHINE ZA KASETI



Mimi nafundisha Fizikia, na mara kwa mara wanafunzi huniletea mashine za zamani za kuchezea gemu, zile za kaseti, zilizokufa, ili tuzifungue pamoja. Wazazi wengine huniuliza kama kazi hiyo si kupoteza wakati. Basi leo nawaletea habari za Bwana Gerald Lawson wa Marekani, aliyejulikana kwa jina la Jerry, maana maisha yake yanajibu swali hilo vizuri kuliko mimi.

Alizaliwa tarehe 1 Desemba 1940 huko Brooklyn, katika mji wa New York, akakulia katika sehemu ya Queens. Baba yake alikuwa mpakizi wa mizigo bandarini, lakini alipenda sana mambo ya sayansi. Mama yake alikuwa mtumishi wa serikali ya mji. Mama huyu hakuridhika kumpeleka mtoto shule na kumwacha huko. Alikwenda mwenyewe kuzungumza na wakuu wa shule na walimu, apate kujua kama wanafundisha kwa bidii. Hata akawa mwenyekiti wa chama cha wazazi na walimu.

Katika darasa la kwanza, mwalimu alitundika karibu na dawati la Lawson picha ya George Washington Carver, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani akawa mtaalamu mashuhuri wa kilimo na wa matumizi ya karanga. Mwalimu alimweleza mtoto kwamba hata yeye anaweza kufika mbali namna ile. Lawson alipokuwa mtu mzima alikuwa bado akiikumbuka picha hiyo.

Alipopata umri wa miaka 13 alikuwa na leseni ya kurusha mawimbi ya redio, na kituo alikiunda mwenyewe chumbani kwake. Baadaye kidogo akawa anapita nyumba kwa nyumba kutengeneza televisheni zilizoharibika, akalipwa. Alisoma katika vyuo viwili vya New York, ingawa hakupata shahada. Wanafunzi msilichukue jambo hili kuwa ruhusa ya kuacha masomo, kwani Lawson hakuacha kujifunza hata siku moja.

Mwaka 1970 aliajiriwa na kampuni ya Fairchild, iliyotengeneza vipuri vya elektroniki huko California. Usiku, katika banda la gari nyumbani kwake, aliunda mashine ya mchezo wa magari ya kugongana, akitumia prosesa ya kampuni hiyo. Wakubwa wake walipopata habari hawakumfukuza, bali walimtaka awafanyie wao kazi ya namna hiyo.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Wakati ule mashine nyingi za gemu za nyumbani zilikuwa na michezo iliyofungwa ndani moja kwa moja. Ukiichoka michezo hiyo, umeichoka mashine nzima. Wataalamu wawili wa kampuni nyingine, Wallace Kirschner na Lawrence Haskel, walikuwa wamebuni njia ya kuweka mchezo katika kipande kinachochomoka. Lawson aliongoza kazi ya kuifanya njia hiyo iwe kitu kinachoweza kuuzwa dukani na kutumiwa na mtoto. Shida ilikuwa kubwa. Wengi waliogopa kwamba kuchomeka na kuchomoa kila mara kutaharibu vipuri vya ndani. Lawson na wenzake, akina Nick Talesfore na Ron Smith, waliishinda shida hiyo, na mwezi Novemba 1976 mashine yao, Channel F, ikatoka. Bei yake ilikuwa dola 169 na senti 95, na kaseti zake zilikuwa za rangi ya manjano.

Mwaka uliofuata kampuni ya Atari ilileta mashine yake ya kaseti, nayo ikauzwa kwa mamilioni. Sifa nyingi zikaenda huko. Lawson aliondoka Fairchild mwaka 1980 akaanzisha kampuni yake ya gemu, Videosoft, lakini haikudumu. Watu waliosikia habari zake walishangaa walipomwona kuwa ni mtu mweusi. Kisukari kilimnyang'anya nguvu za mguu mmoja na uwezo wa kuona wa jicho moja. Mwezi Machi 2011 watengenezaji wa gemu walimheshimu mbele ya watu, na tarehe 9 Aprili mwaka huo huo alifariki.

Sasa tazameni mashine zetu hapa Tunduma. Kwa kuwa kaseti iko mbali na mashine, fundi anaweza kujua haraka ugonjwa uko wapi. Jaribu kaseti nyingine: ikicheza, mashine ni nzima. Futa meno ya kaseti kwa pamba na spiriti; usipulize kwa mdomo, maana mate huleta kutu. Ikikataa, chomoa waya wa umeme, fungua, utazame pale waya zilipolehemiwa, hasa penye tundu la umeme, maana hapo hupasuka. Kapasita iliyovimba ibadilishwe. Mashine inayotoa picha kwa njia ya antena tu inaweza kurekebishwa, picha na sauti zikapita kwa waya hadi kwenye televisheni za sasa. Lakini televisheni ya kioo kinene msiifungue bila fundi mzoefu, kwani hutunza umeme mkali hata ikiwa imezimwa.

Wazazi, mtoto akifungua mashine iliyokufa, muulizeni ameona nini ndani. Walimu wenzangu, tutundike picha karibu na dawati lake. Kijana aliyetengeneza televisheni za majirani ndiye aliyekuja kuongoza kazi ya kutengeneza mashine ambayo dunia nzima iliiga.