Marcella wa Roma

Zamani katika mji wa Roma palikuwa na bibi wa ukoo mkubwa, jina lake Marcella. Aliolewa, na baada ya miezi saba mumewe akafa. Mzee tajiri akamposa, naye akakataa. Nyumba yake akaifanya mahali pa wanawake kusali na kusoma Maandiko.

Mwaka 382 mwalimu Jerome alifika Roma. Marcella akamwuliza mambo mengi, hata maana ya maneno ya Kiebrania, kama Aleluya na Amina. Wala hakukubali jibu kwa sababu tu limetoka kwa mtu mkuu, bali alilipima kwanza. Jerome akamwona kuwa ni mwamuzi kuliko mwanafunzi, na baadaye akamlinganisha na Ana, binti Fanueli. Alipoondoka mwaka 385, watu walioshindana juu ya Maandiko, hata makasisi, walimwendea Marcella. Naye hakujisifu, bali alimtaja aliyemfundisha.

Mwaka 410 Wagothi waliuteka mji. Askari wakaingia nyumbani mwake wakidai dhahabu. Marcella akawaonyesha vazi lake duni, kwa maana alikuwa amewagawia maskini mali yake. Wakampiga kwa fimbo na mijeledi. Naye hakujililia nafsi yake, ila aliwasihi wasimtenge na Principia, msichana aliyemlea katika imani. Mwisho wakalainika mioyo, wakawapeleka wote wawili katika kanisa la Mtume Paulo. Baada ya muda mfupi Marcella akafa mikononi mwa Principia.

Basi, ninyi msomao, jueni ya kuwa kuuliza kwa adabu si kukosa imani.