Theresa Wallach: Fundi aliyeikatiza Tanganyika kwa pikipiki mwaka Yanga ilipozaliwa

UKITAKA kujua kama Geita Gold wanacheza nyumbani, wala usihangaike na ratiba. Simama barabarani uangalie bodaboda. Zinapita mbilimbili, jezi zinapepea, honi haikauki, na safari ni moja tu, Nyankumbu. Shinyanga nako mambo ni hayo hayo. Stand United au Mwadui wakiwa na mechi Kambarage, boda wa Ndembezi na Kizumbi hapati hata muda wa kunywa chai.

Ukanda mzima wa dhahabu unatembea kwa pikipiki. Mchimbaji wa Nyarugusu au Rwamgasa akitaka kuja mjini, anapanda boda. Mama akiwa na gunia lake la mpunga, boda. Mgonjwa usiku wa manane, boda. Ndiyo maana leo tunaupumzisha mpira kidogo, tumzungumzie dada mmoja aliyepita nchi hii na pikipiki yake mwaka 1935, mwaka ule ule wazee wa Dar es Salaam walipoanzisha klabu ya Yanga.

Jina lake Theresa Wallach. Ndiyo, mwanamke.

Kwanza tujue pikipiki zilikujaje huku. Kwenye Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, jeshi la Jenerali Smuts liliingia nchini kuwafukuza Wajerumani likiwa na kikosi cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini. Haukuwa ufahari. Mbung'o walikuwa wakiua farasi na ng'ombe wa jeshi kwa maelfu, na mashine ya chuma haiugui nagana. Tatizo hilo la mbung'o halikuisha na vita. Baadaye Waingereza waliweka kituo kikubwa cha utafiti wa wadudu hao, na waliuchagua mkoa upi? Shinyanga hii hii.

Baada ya vita pikipiki zikabaki mikononi mwa wachache, maofisa wa serikali, mapadri, na Mzungu mmojammoja wa shambani. Mwananchi wa kawaida aliiona ikipita, akasikia mlio wake, akaipa jina linaloiga mlio huo. Pikipiki. Jina likaganda mpaka leo.

Theresa alizaliwa London Aprili 30, 1909. Wenzake wakishona vitambaa, yeye alipenda injini. Mwaka 1928 alipata ufadhili wa kusomea uhandisi katika chuo cha Northampton Polytechnic, London, wakati ambao msichana kwenye darasa la mashine alikuwa kama refa aliyeingia uwanjani bila filimbi. Kila mtu anamshangaa. Alipotaka kujiunga na klabu ya pikipiki akakataliwa, sababu ni jinsia yake tu. Uwezo wake hata haukuulizwa.

Hakwenda kulia kona. Alikutana na mwenzake, Florence Blenkiron, ambaye mwaka 1934 alikuwa mwanamke wa kwanza kuzunguka uwanja wa mbio wa Brooklands kwa pikipiki kwa kasi ya zaidi ya maili 100 kwa saa, karibu kilomita 160. Hawa wawili wakapanga jambo ambalo wanaume wengi wa London waliliona ni wazimu mtupu. Kutoka London mpaka Cape Town. Kwa pikipiki.

Waliondoka Desemba 11, 1934. Chombo chao kilikuwa Panther ya kampuni ya Phelon & Moore, injini ya sisi 600, pistoni moja tu. Ubavuni kulikuwa na kigari cha kukalia, nyuma kuna tela la mizigo. Hakuna gari la kuwafuata na spea, hakuna simu, hata dira ya kuonyesha kaskazini hawakuwa nayo. Mbele yao kulikuwa na Sahara.

Watu wanaozijua pikipiki wanajua mchanga unavyoua injini. Tairi linazama, mashine inalazimishwa kuvuta mzigo kwa gia ndogo saa nzima, joto linapanda, oili inakuwa nyepesi kama maji. Mchanga ukipenya ndani, chuma kinasagana na chuma. Panther yenyewe ilikuwa na mzigo wa watu wawili, kigari na tela. Basi jangwa likafanya kazi yake. Injini ikafa.

Hapa ndipo hadithi yetu inapogeuka. Wangekuwa madereva tu, safari ingeishia pale, na magazeti ya London yangepata cha kuchekea. Lakini Theresa alikuwa fundi. Huko Agadez, mji wa jangwani ambao leo uko Niger, injini ilifunguliwa yote ikaundwa upya, na mafundi walikuwa wao wenyewe wawili. Likawashwa, likaitika. Safari ikaendelea.

Baada ya jangwa ikaja misitu na mvua. Walipita Nigeria, wakaipasua Kongo ya Wabelgiji, wakatokea Uganda, halafu Kenya, halafu wakaingia Tanganyika.

Tanganyika ya 1935 usiifananishe na hii unayoiona. Lami ya kutoka mji hadi mji hakuna. Barabara kuu ya kushuka kusini ilipita katikati ya nchi, Dodoma, Iringa na Mbeya, mbali na Shinyanga na Geita. Huku kwetu reli kutoka Tabora ilikuwa imefika Mwanza mwaka 1928 kwa kupitia Shinyanga, uchimbaji mkubwa wa dhahabu Geita ulikuwa ndiyo kwanza unapamba moto miaka hiyo ya 1930, na almasi za Mwadui zilikuwa bado zimelala ardhini. Dk. John Williamson alikuja kuzipata mwaka 1940.

Lakini mtu wa Shinyanga haitaji kusimuliwa shida waliyoipata. Anaujua udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi unapasuka, gurudumu la mbele likiingia kwenye ufa umeruka. Masika unageuka gundi, unajaza magadi hadi tairi linagoma kuzunguka. Boda wa leo akikwama anaita wenzake wa kijiweni wamsukume. Sasa fikiria una kigari ubavuni na tela nyuma, na gari jingine linaweza lisipite siku nzima.

Walitoka salama, wakaingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, wakaendelea kushuka. Julai 29, 1935 wakaingia Cape Town. Karibu miezi minane barabarani, zaidi ya kilomita 20,000.

Ungedhani baada ya hapo angepumzika. Wapi! Mwaka 1939, muda mfupi kabla Brooklands haijafungwa kwa sababu ya vita, Theresa alichukua Norton ya sisi 350 ya kuazima, akauzunguka uwanja ule kwa zaidi ya maili 100 kwa saa na kupata nishani ya Gold Star. Katika historia yote ya Brooklands, wanawake waliopata nishani hiyo kwa pikipiki ni watatu tu. Yeye, Blenkiron na Beatrice Shilling.

Vita ya Pili ilipoanza, jeshi la Uingereza halikujali tena jinsia kwenye usukani. Theresa akawa mpeleka ujumbe kwa pikipiki na fundi. Vita ilipokwisha alikwenda Marekani ya Kaskazini, akazunguka na Norton miaka miwili na nusu, akijilipia safari kwa vibarua. Alifanya kazi 18 tofauti, mashine yake ikahesabu maili 32,000.

Mwishowe akahamia Marekani moja kwa moja. Alikuwa na duka la pikipiki Chicago, na baadaye akafungua shule ya kufundisha watu kuendesha huko Phoenix, Arizona. Binti aliyekataliwa na klabu sasa anawafundisha wanaume waendeshaje. Gari hakuwahi kumiliki maishani. Aliendesha pikipiki hadi umri wa miaka 88, macho yalipomgomea. Alifariki Aprili 30, 1999, siku aliyotimiza miaka 90.

Sasa turudi stendi. Katoro, Geita, Kahama, Shinyanga, vijana wanapewa pikipiki ya mkataba leo, kesho wako barabarani na abiria. Kuendesha wanajua, tena kwa mbwembwe. Ila plagi ikichafuka anasubiri fundi, mnyororo ukilegea anasubiri fundi, na hesabu ya tajiri haisubiri. Theresa na mwenzake walifika Cape Town kwa sababu walijua kilichomo ndani ya mashine yao.

Na dada wa Geita anayetaka kuendesha boda? Yupo, na bado abiria wengine wakimwona wanarukia pikipiki ya nyuma yake. Wiki ya mechi ukifika kijiweni umkute, mpande. Nyankumbu utafika, na kipenga cha kwanza utakisikia ukiwa umekaa.