Charles Drew: daktari wa damu aliyewafungulia wenzake mlango

Kila wanafunzi wa bayolojia wanapofikia somo la damu, yafaa wasimuliwe habari za Charles Richard Drew. Nasema hivyo si kwa sababu ya utaalamu wake pekee, bali pia kwa kuwa maisha yake yanajibu swali ambalo hadi leo lazusha ubishi nchini Marekani: je, ni halali serikali itumie fedha za umma kuwasomesha udaktari na uuguzi vijana wa jamii zilizoachwa nyuma? Jibu langu ni kwamba ni halali, tena ni wajibu, na Drew ndiye shahidi wangu.

Alizaliwa jijini Washington tarehe 3 Juni 1904, baba yake akiwa fundi wa kutandika mazulia. Umahiri wake michezoni ulimpatia msaada wa karo katika Chuo cha Amherst, alikohitimu mwaka 1926. Masomo ya udaktari yalihitaji fedha ambazo hakuwa nazo, hivyo akafanya kazi miaka miwili katika Chuo cha Morgan, Baltimore, huku akiweka akiba. Zama hizo vyuo vingi vya udaktari nchini mwake ama viliwakataa Weusi ama viliwapokea wachache mno. Akavuka mpaka hadi Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, akahitimu mwaka 1933.

Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Columbia, alichunguza jinsi ya kuhifadhi damu, na mwaka 1940 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kutunukiwa huko shahada ya juu ya sayansi ya tiba. Mwaka huohuo aliongoza mpango wa kupeleka plazima Uingereza, iliyokuwa ikishambuliwa kwa mabomu. Plazima, yaani maji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, hudumu kuliko damu nzima. Ajabu ni kwamba Msalaba Mwekundu wa Marekani, uliofaidi ujuzi wake, kwanza uliikataa damu ya Weusi, kisha ukaipokea lakini ukaitenga. Drew aliupinga ubaguzi huo waziwazi, kwani haukuwa na msingi wowote wa kisayansi.

Mwaka 1941 alirejea Chuo Kikuu cha Howard kuongoza idara ya upasuaji, na hapa ndipo ilipo hoja yangu. Howard kiliasisiwa mwaka 1867 kwa sheria ya Bunge la Marekani na kilipokea ruzuku ya serikali. Hospitali ya Freedmen's, walikofunzwa wanafunzi wake, nayo ilikuwa ya serikali. Ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910 ilivikuta vyuo saba vya udaktari vya Weusi. Baada ya muda vilisalia viwili tu, Howard na Meharry. Mlango ulikuwa mwembamba, na fedha za umma zilisaidia kuuzuia usifungwe. Kati ya mwaka 1941 na 1950, zaidi ya nusu ya wapasuaji Weusi waliothibitishwa na bodi ya taifa walipitia mikononi mwa Drew. Kipawa chake kingefanya nini bila darasa, vitanda na mishahara?

Wapo wadaio kwamba ufadhili wa namna hii ni upendeleo unaoshusha viwango. La hasha! Wanafunzi wa Drew walifanya mtihani uleule waliofanya wengine. Walichosaidiwa ni kuufikia mlango wa chumba cha mtihani. Alama walizitafuta wenyewe.

Drew alifariki tarehe 1 Aprili 1950 kwa ajali ya gari huko North Carolina, akiwa na umri wa miaka 45. Ulivuma uvumi kwamba alinyimwa matibabu kwa sababu ya rangi yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: madaktari Wazungu waliompokea walijitahidi kumwokoa. Ubaguzi uliokuwapo kweli unatosha. Hauhitaji kuongezwa chumvi.

Weusi ni takriban asilimia 13 ya Wamarekani, lakini miongoni mwa madaktari hawafikii hata nusu ya kiwango hicho. Anayetaka fedha za mafunzo yao zikatwe na atuambie kwanza ni nani atakayewalea akina Drew wa kesho.